Rufaa Kuhusu Darubini Iliyowekewa Matanga

Mwl. Pastory Buberwa (mstaafu),
Kibeta,
Bukoba.
12 Aprili 1986.

Mwenyekiti,
Chama cha Kuzikana,
Kibeta.

YAH: KUPINGA KUFUTWA UANACHAMA, PAMOJA NA OMBI LA KURUDISHIWA DARUBINI KABLA NYOTA HAIJAONDOKA

Ndugu Mwenyekiti Ishengoma,

Pokea salamu zangu. Ni salamu za heshima kamili kwa kuwa wewe ni kiongozi wangu, na nimeziongezea kidogo kwa kuwa nilikufundisha darasa la nne na ninakumbuka jinsi habari ndefu zilivyokuwa zikikuchosha. Hii ni ndefu. Ukichoka iweke mezani, kunywa maji, kisha endelea.

Nimeipokea barua ya Kamati ya tarehe 9 mwezi huu. Inasema kwamba mimi na mke wangu Getruda tumefutwa katika Chama kwa kosa la "kuendesha msiba wa uongo kwa kutumia jeneza lisilo na mtu." Inasema darubini yangu inashikiliwa stoo, pamoja na masufuria ya Chama na machela. Tena inasema nilijua tangu mwanzo kwamba watu wanalia kwa makosa, nikanyamaza. Mwisho mmeniandikia kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Methali hiyo nilikufundisha mimi, na mmeitumia vibaya, maana msiba huu ulikuwa na kilio kuanzia Alhamisi saa kumi hadi Jumamosi saa tisa.

Kufutwa katika Chama siku hizi si mchezo, nawe unajua. Hapa kwetu haipiti wiki bila majembe kuwekwa chini kwa ajili ya mtu. Mimi nina miaka sitini na minne. Getruda ana hamsini na tisa na magoti mabovu. Mmoja wetu akifa kesho, anayebaki atambebaje mwenzake hadi kibanjani, kwenye migomba tunamozikana, peke yake? Naogopa jambo hilo, nasema wazi, na ndiyo sababu naandika kwa adabu ingawa hasira ninayo.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kuhusu majivuno.

Kamati inauliza kwa nini sikununua "darubini ya kawaida" iliyo dukani kwa Bwana Jayant, ambayo mtu anaibeba kwapani na haijawahi kumliza mtu yeyote. Swali ni zuri. Laiti mngeliuliza kabla ya adhabu.

Darubini ya Bwana Jayant naijua. Imekaa kabatini mwake, kati ya vipuri vya cherehani na pedeli za baiskeli, tangu nikiwa kijana. Ni ya lenzi. Ina miguu mitatu ya shaba, inapendeza sana, na mdomo wake hauzidi kikombe cha kahawa. Bwana Jayant mwenyewe, ambaye ni mfanyabiashara na hakulazimika kusema, aliniambia ile ni ya kutazamia meli. Aliwahi kuuelekezea mwezi, akauona umezungukwa na rangi za upinde wa mvua ambazo mwezi hauna.

Darubini ya kioo ni kitu kingine. Ndani yake, chini kabisa, kuna kioo kilichochimbwa kidogo kama sahani. Kinapokea mwanga na kuurudisha juu. Huko juu kuna kioo kidogo kinachougeuza utokee ubavuni, na mtazamaji anasimama hapo ubavuni. Kamati inadhani kazi ya darubini ni kuvuta vitu karibu. Hapana. Kazi yake ni kukinga mwanga. Mvua ikinyesha juu ya bati lako, utakinga na kikombe au na karai? Na ile nyota yenye mkia, ninayotaka kuitazama, mwanga wake ni manyunyu tu. Nikachagua karai, na sioni majivuno yako wapi.

Naomba ukumbuke pia kwamba nyota hiyo ilipita mara ya mwisho mwaka 1910, baba yangu akaiona. Nilipokufundisheni niliwaahidi kwamba mwaka 1986 mtaiona nanyi. Wewe ulikuwa dawati la tatu. Nilikuwa natimiza ahadi ya darasani.

2. Kuhusu vipimo.

Kioo changu kina upana wa inchi nane. Kioo kikichimbwa sana kinataka sanduku fupi, lakini mkono ukikosea kidogo tu kimeharibika. Kikichimbwa kidogo kinasamehe makosa, ila kinataka sanduku refu. Mimi sijawahi kutengeneza kioo maishani mwangu, kwa hiyo nikachimba kidogo. Likaja sanduku la futi tano na nusu kwa upana wa inchi kumi na moja.

Kamati inaviita hivyo "vipimo vya mtu." Mtu gani mzima ana mabega ya inchi kumi na moja? Hilo ndilo lingepaswa kuwashtua pale pale barabarani. Halikumshtua hata mmoja, na nadhani sote tunajua kwa nini. Watu tunaowazika siku hizi wanaenea humo.

3. Kuhusu kulizunguka pipa.

Mjumbe mmoja ameandika kwamba mimi na Getruda tulionekana tukilizunguka pipa nyuma ya nyumba kwa wiki tisa bila kusemezana, na kwamba huo si mwenendo wa Wakristo.

Vioo vyetu vilikuwa madirisha mawili ya duara ya meli iliyovunjwa, kwenye kisiwa kimoja huko Muleba. Alituletea Mayenga, yule Msukuma mnunuzi wa samaki aliyekuwa akifanya kazi na marehemu mwanetu Mujuni. Utaratibu wake ni huu. Kioo kimoja unakilaza juu ya pipa. Unanyunyizia maji na unga wa msasa, ule mafundi wa magari wanaosagia vali. Cha pili unakiweka juu, unasukuma mbele, unarudisha nyuma, kisha unasogea hatua moja kulizunguka pipa ili mchimbo uwe sawa pande zote. Getruda alizunguka asubuhi, mimi jioni, na siku nyingine wote wawili. Hatukusemezana kwa sababu ukisema unapoteza hesabu. Nakubali kwamba mpita njia akiona wazee wawili wanalizunguka pipa kimya kila siku anaweza kuwaza mengine. Lakini kama ulikuwa uchawi, ulikuwa wa kwanza kuhitaji lami ya kung'arishia kioo, msasa na kitabu cha fizikia cha kidato cha tatu.

4. Kuhusu sukari.

Ni kweli nilitumia sukari ya mgao kupaka kioo. Ili kioo king'ae unahitaji dawa ya fedha, ambayo Bwana Jayant alinipa kutoka mabaki ya studio ya picha ya marehemu baba yake, nayo haishiki bila sukari kidogo. Tulikunywa uji usio na sukari mwezi mzima. Sukari ilikuwa yetu, na sikujua kwamba Kamati inahesabu vijiko vya nyumbani kwangu.

5. Kuhusu Fundi Apolinary wa Kagondo.

Huyu msimwonee. Nilimpelekea mchoro mzuri, wenye mishale. Nilimwambia ndani apake rangi nyeusi, kwa sababu darubini ndani hutakiwa iwe nyeusi tii. Nilimwambia atoboe tundu la duara ubavuni, karibu na juu, kwa ajili ya jicho. Nilimwambia mbao ziungane vizuri mwanga usipenye. Yote hayo alifanya, tena kwa ustadi.

Lakini Apolinary, waitu, ndugu yetu, zamani alitengeneza meza, vitanda na makabati. Mlango wa nyumba yako wewe alitengeneza yeye. Kwa miaka miwili sasa hajatengeneza kitu kingine ila majeneza, mchana kutwa, na watu wanasubiri mlangoni. Jumatano tulikwenda naye karakana, nikafunga vioo mahali pake, nikaondoka nimeridhika. Alhamisi asubuhi akakaa kumalizia. Mikono yake ikamalizia kama ilivyozoea, ikatia vishikio vinne na kifuniko cha skrubu, na juu ya kifuniko ikapigilia msalaba. Nilipomuuliza baadaye, alikaa chini akashika kichwa, akasema hakumbuki kupigilia. Namwamini.

6. Kuhusu msafara.

Nilimwomba Apolinary alilete sanduku kwa mkokoteni. Mkokoteni ulikuwa umepeleka jeneza lingine. Akawapa vijana wanne walibebe begani, nao ni vijana wa Chama chetu hiki hiki, ambao wamebeba sana mwaka huu hadi miguu yao inajua mwendo mmoja tu. Huwezi kumwambia kijana wa namna hiyo atembee haraka na sanduku begani.

Kwa hiyo wakatoka Kagondo polepole. Mwenye baiskeli akashuka. Lori la ndizi likasimama pembeni. Akina mama waliokuwa wakirudi sokoni wakatua mizigo, wakajifunga kanga kiunoni, wakafuata nyuma. Waliouliza ni nani waliambiwa ni wa Mwalimu Pastory. Kila mtu anajua kwamba Mujuni alifariki Januari akazikwa kule kule kisiwani alikokuwa akifanya kazi, basi watu wakajumlisha wenyewe, wakasema Mujuni ameletwa nyumbani. Mimi sikumtuma mtu aseme hivyo. Walipofika Kibeta walikuwa karibu mia mbili, na nimeambiwa na mashahidi watatu kwamba kishikio cha mbele, upande wa kulia, kilikuwa mkononi mwako wewe, Ndugu Mwenyekiti.

7. Kuhusu shtaka kwamba nilijua.

Hapa ndipo penye uzito, na nitajibu kwa makini.

Sanduku lilipofika mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikitengeneza kitako cha darubini, ambacho kinazunguka juu ya habu ya gurudumu la baiskeli. Nilipotokea mbele nikakuta uwanja umejaa. Sasa kumbuka kwamba Jumapili ya Pasaka nilikuwa nimebandika tangazo mlangoni pa kanisa, nikiwakaribisha wote wapenda elimu waje kwangu Alhamisi jioni kuiona nyota yenye mkia. Nilifurahi sana kuona mwitikio. Nilikuwa nimetarajia watu sita.

Mtauliza kuhusu vilio. Nilidhani ni mshangao. Mtauliza kuhusu nyasi zilizotandikwa sebuleni. Nilidhani watu wanajiandalia pa kulala, kwa kuwa nyota hutazamwa usiku. Mtauliza kuhusu ndizi, kuni na mtungi wa lubisi, pombe yetu ya ndizi, vilivyoletwa na majirani. Nilidhani ni ukarimu. Mshumaa juu ya sanduku niliuona, nikadhani umeme umekatika, na kweli ulikuwa umekatika. Mvua ilinyesha usiku wote wa Alhamisi na Ijumaa kutwa. Nilidhani tunangoja mawingu yaondoke. Ndugu zetu wa Kagoma walipowasili Ijumaa jioni wakiwa wamelowa, niliguswa kuona wametoka Muleba kwa ajili ya sayansi.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Mfiwa kwetu haulizwi maswali, anapewa mkono na kuachwa akae. Kila nilipofungua mdomo mtu alinishika bega akaniambia nijikaze. Nilijikaza. Wewe mwenyewe Jumamosi ulisimama ukahutubia dakika arobaini juu ya Mujuni, ukasema alikuwa mchapakazi na mwenye heshima, ukamsifu na Apolinary kwamba marehemu ana miezi mitatu na sanduku halitoi harufu hata kidogo. Hayo yote yalikuwa kweli. Ningekukatiza kwa kosa gani?

8. Kuhusu mguu wa Katekista Ildefons.

Kamati inanitwisha lawama ya mguu huu. Ukweli ni kwamba ulipofika wakati wa kuaga, Katekista aliliona lile tundu la ubavuni, akadhani ni dirisha la uso. Hakuomba ruhusa. Aliondoa kizibo akainama.

Mtu akitazama katika tundu hilo kabla lenzi haijawekwa, anaona kioo kidogo, ndani yake anaona kioo kikubwa, na ndani ya kioo kikubwa anaona jicho lake mwenyewe. Ndivyo mafundi wanavyojua kwamba vioo vimekaa sawa. Katekista aliona jicho linamtazama kutoka ndani ya jeneza. Alilipepesea, nalo likapepesa. Akatoka mbio kuelekea kibanjani, na kwa kuwa vijana walikuwa wamekwisha kuchimba kaburi hapo, akaingia. Vijana wakafungua kifuniko kuona kilichomtisha, wakakuta vioo tu. Katekista namwombea apone haraka. Lakini naomba iandikwe kwamba jicho lilikuwa lake, mguu ulikuwa wake, na kaburi lilichimbwa na Chama. Tena tukio hilo ni ushahidi kwamba vioo vyangu vimepangwa sawasawa, jambo ambalo mafundi wengi wa nje huchukua siku nzima kulipata.

9. Kuhusu mpaka.

Kamanda wa mgambo ameongeza kwamba kitu chenye mdomo mpana namna hiyo kikielekezwa kaskazini kinaweza kuwatia watu hofu, ukikumbuka vita ilivyotukuta hapa. Vita naikumbuka. Hata lenzi yangu ya kutazamia niliitoa kwenye darubini mbovu ya askari aliyepita kwetu mwaka sabini na tisa akaacha na soksi zake. Lakini nyota mwezi huu iko kusini, upande wa Muleba. Sina sababu ya kuielekeza Mutukula, na sijasikia kwamba Muleba wanajiandaa kutushambulia.

10. Kuhusu kanuni ya tisa.

Sasa naomba usome polepole. Januari mwaka huu Mayenga alipotuletea habari kwamba Mujuni amefariki na wavuvi wamekwisha kumzika siku ile ile, nilikuja kwako kuripoti. Ulinifungulia daftari la Chama ukanisomea kanuni ya tisa: msiba unatambuliwa jeneza likifika nyumbani. Jeneza halikufika. Chama hakikuja, majirani nao hawakuja. Wengine waliogopa ugonjwa wenyewe, huu wa kukonda, kana kwamba unaweza kuvuka ziwa na kukaa sebuleni kwetu bila mwenyewe. Sikulalamika. Kanuni ni kanuni.

Alhamisi tarehe 3 Aprili jeneza lilifika nyumbani. Mkaja. Kanuni ikafuatwa. Nimeisoma mara nne na hakuna mahali inaposema kwamba ndani ya jeneza awepo mtu. Kama Januari mtu bila jeneza hakuwa msiba, basi Aprili jeneza bila mtu lilikuwa msiba kamili, na mimi ndiye mwanachama aliyefuata kanuni kuliko wote.

11. Kuhusu hali ya sasa ya darubini.

Kutokana na hayo, naona Kamati imejiingiza matatani. Darubini yangu imebebwa, imelazwa, imewashiwa mshumaa, imehutubiwa na imechimbiwa kaburi. Kwa taratibu zenu imekwisha kufa. Kanuni ya kumi na mbili inakataza Chama kukaa na marehemu zaidi ya siku tatu bila kumzika. Leo ni wiki nzima mmemfungia stoo na masufuria. Kama ni marehemu, mzikeni. Kama ni darubini, nirudishieni. Haiwezekani iwe marehemu wakati wa kunihukumu na iwe darubini wakati wa kuifungia.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Darubini irudishwe kabla ya mwezi kwisha, kwa maana nyota inafifia kila siku na haitarudi mpaka mwaka 2061, ambapo mimi na wewe hatutakuwa na nafasi. Majina yetu mawili yarudishwe katika daftari. Apolinary asisumbuliwe, tena apewe kazi ya meza, hata moja tu, mikono yake ipumzike. Na Chama chenyewe kifikirie kununua darubini ya kioo, si ya lenzi. Mna masufuria manane na hamna hata kitu kimoja cha kutazamia juu.

Nakushukuru kwa kusoma, kama umefika hapa. Nisalimie mama watoto, nisalimie wajumbe wote hata yule wa pipa, na umpe Katekista pole yangu ya mguu. Getruda naye anawasalimu.

Mimi niliye mwanachama wenu kwa miaka kumi na minane, na ninayekusudia kuendelea,

Mwl. Pastory Buberwa.

Nakala:
Fundi Apolinary, Kagondo (asomewe kwa sauti).
Bwana Jayant, dukani.

Nyongeza, baada ya kusaini:

Barua hii nimemsomea Getruda kabla ya kuifunga. Alisikiliza mpaka lalamiko la saba, akaniambia niache kuwadanganya watu niliowafundisha mwenyewe kusoma. Kwa hiyo naongeza haya.

Nilijua. Sikuwa nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimekwenda njia panda kulipokea sanduku, nikawaona wanakuja, nikauona msalaba, nikawaona wale akina mama. Nilikuwa hatua kumi mbele yao na neno lilikuwa mdomoni. Nilipaswa kusema moja tu. Nikavua kofia, nikawapisha, nikaingia nyuma nikafuata.

Nilidhani Getruda atawaambia. Ameisugua ile darubini wiki tisa, anakijua kilichomo kuliko mimi. Alitoka mlangoni na maganda ya ndizi mikononi, akalitazama sanduku, akanitazama mimi, kisha akajitupa chini akamwita Mujuni. Yeye ndiye aliyeanza. Akina mama wakamkimbilia wakamshika.

Tangu Januari hakuwa amelia. Kila asubuhi alikwenda kwenye pipa akasukuma kile kioo, nami nikamwacha kwa kuwa sikujua la kumfanyia. Watu walikuwa wakipita njia ya juu ili wasikutane nasi. Alhamisi ile walilala wanawake kumi na tisa sebuleni kwetu. Walimshikilia, wakaimba, wakamsimulia mambo ya Mujuni akiwa mdogo ambayo hata mimi nilikuwa sijui. Jumapili asubuhi aliamka, akafagia nyasi, akapika, akala akamaliza sahani. Nilikuwa sijaona hivyo tangu Mayenga aje.

Basi shtaka lenu ni la kweli na rufaa yangu haina msingi. Darubini kaeni nayo. Mkiitaka kuitumia, nitakuja kuwaonyesha. Ila naomba jambo moja, nalo naliomba bila hoja wala kanuni. Katika daftari futeni jina langu peke yangu. La Getruda liacheni. Msiba wake ulikuwa wa kweli, watu ndio waliochelewa.

P.B.